Mbegu Tunayoileta Altareni: Maharage, Tabianchi na Haki ya Mkulima Mdogo

Katika parokia zetu nyingi, mvua za kwanza zinapokaribia, waamini huleta mbegu kanisani zibarikiwe. Ndani ya vikapu vile, pamoja na mahindi, alizeti na karanga, hayakosekani maharage. Desturi hii ni njema na yafaa kudumishwa. Hata hivyo, miaka hii ya karibuni imetulazimisha kuuliza swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja kubwa ya kuliuliza: je, mbegu tunayoiombea baraka ina uwezo wa kustahimili hali ya hewa itakayoikuta shambani?

Swali hili halitokani na hofu tupu. Katika msimu wa vuli wa mwaka 2021 mvua zilikosekana kaskazini mwa nchi yetu, na mifugo ikafa kwa maelfu katika wilaya kama Simanjiro. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Mnamo Desemba 2023, katika mvua za El Niño, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuangukia mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Aprili 2024 ilikuwa zamu ya bonde la Rufiji kufunikwa na maji. Ukame na mafuriko vimefuatana ndani ya miaka mitatu tu, na mkulima wa jembe la mkono anatakiwa kupanga msimu wake katikati ya hali hizo mbili.

Makala hii inajadili zao moja tu, maharage, kwa sababu linagusa meza ya karibu kila familia. Tanzania huvuna zaidi ya tani milioni moja za maharage kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa barani Afrika. Maharage ndiyo mboga ya shule za bweni, ya magereza, ya seminari na ya nyumba ambazo nyama huonekana siku ya Krismasi na Pasaka. Katika kaya nyingi zao hili liko mikononi mwa akina mama. Kwa hiyo maharage yanapokosekana, anayeumia kwanza ni mtoto anayekua na mama mjamzito.

Kwa nini maharage yanaumizwa na joto

Maharage tunayoyajua hayana asili ya Afrika. Yalitoka Amerika, katika nyanda za Mexico na Amerika ya Kati na katika milima ya Andes, yakafika pwani yetu pamoja na Wareno tangu karne ya 16. Yalipopanda kwenda bara yalikuta makazi yanayofanana na kwao: Mbeya, Njombe, Kagera, Kigoma, Arusha, Kilimanjaro, Lushoto. Hizo ni nchi za miinuko, zenye mchana wa wastani na usiku wa baridi.

Hapo ndipo ilipo siri ya zao hili na pia udhaifu wake. Hatari kubwa zaidi kwa maharage haiko katika jua la mchana pekee. Usiku unapokuwa na joto la zaidi ya nyuzi 18 au 19, chavua, yaani ule unga wa uzazi ulio ndani ya ua, huanza kupoteza nguvu. Mmea unaweza kuonekana wa kijani na wenye afya, lakini maua hupukutika, na maganda machache yanayobaki huwa na punje mbili au moja, au huwa matupu kabisa. Mkulima aliyezoea kuuona ukame kwa majani kunyauka anaweza asijue kilichomsibu. Atasema mbegu ilikuwa mbaya, au atamtafuta jirani mwenye jicho la husuda. Kumbe ni joto la usiku. Ndugu zangu, hapa elimu ni huduma ya upendo pia, kwa maana imevunja ugomvi mwingi ambao ungeanzia shambani ukaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwaka 2015 Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki, CIAT, chenye makao yake Palmira nchini Colombia, kilitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2050 eneo linalofaa kwa kilimo cha maharage linaweza kupungua hata kwa nusu kutokana na joto. Wakati huohuo kilitangaza habari njema. Baada ya kupima aina za majaribio zaidi ya 1,000, watafiti walikuwa wamepata takribani aina 30 zinazoweza kuzaa hata usiku unapozidi nyuzi 22.

Kazi ya mikono na ya miaka mingi

Mafanikio hayo yalitoka katika zao linaloitwa tepari, ambalo ni ndugu wa maharage. Zao hili hustawi katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, ambako wenyeji wamelilima tangu kale. Punje zake ni ndogo na si wengi kwetu wangelipenda sokoni, ila linavumilia joto na kiu kuliko maharage yoyote ya kawaida. Watafiti walilichanganya na maharage kwa uvumilivu mkubwa, kwa kuwa ndugu hawa wawili hawazaani kwa urahisi. Mara nyingi mimba ya mbegu hufa ikiwa changa, na hulazimu itolewe na kulelewa maabara mpaka iwe mche.

Uzalishaji wa kawaida wa aina mpya ni wa taratibu vilevile. Ua la maharage hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Mtafiti hulifungua likiwa bado tumba, huondoa kwa kibano viungo vinavyobeba chavua, kisha huweka chavua kutoka mmea mwingine aliouchagua. Mbegu inayopatikana hupandwa, huchaguliwa, hupandwa tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa zinazotakiwa zitulie. Baadaye hujaribiwa katika kanda mbalimbali, halafu mashambani kwa wakulima wenyewe, ndipo iidhinishwe. Tangu ua la kwanza hadi mfuko wa mbegu mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi. Nchini mwetu vituo vya Uyole mkoani Mbeya na Selian mkoani Arusha, vilivyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, vimefanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Lyamungu 85, Lyamungu 90, Selian 97, Uyole 96 na Njano Uyole ni majina yanayojulikana kwa wakulima wengi, na kila jina limebeba miaka ya jasho la watu ambao hatuwafahamu.

Mtafiti hatazami joto pekee. Anatafuta mmea wenye mizizi inayokwenda chini, na unaojua kuhamisha chakula chake kutoka kwenye majani na maganda kwenda kwenye punje wakati maji yanapokwisha, badala ya kubaki na majani mengi yasiyo na faida. Anatafuta ukinzani dhidi ya chule, kutu, doa pembe na batobato, maana mvua zinapozidi magonjwa haya hutawala shamba. Anatafuta pia ulinzi ghalani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mwenye gunia la maharage anajua kwamba akiba hubunguliwa. Katika jambo hili watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, walichukua kutoka tepari ya mwituni kinga dhidi ya wadudu waharibifu na kuiingiza katika maharage ya kawaida.

Hofu za waamini

Baadhi ya waamini huuliza kama kazi hii haiingilii uumbaji. Wapo wanaotaja agizo la kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, linalokataza kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Ni swali la haki na linastahili jibu. Agizo hilo lilikuwa sehemu ya sheria za utakaso zilizolitenga taifa la Israeli na mataifa mengine. Kanisa halikuwahi kulifanya kuwa sheria kwa wakulima Wakristo, na kila mama anayechanganya mahindi na maharage katika shamba moja analijua hilo kwa matendo. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 2, kinamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima ni kuchagua, na kuchagua mbegu bora kwa msimu ujao ni kazi waliyoifanya bibi zetu muda mrefu kabla ya maabara yoyote.

Inafaa pia kukumbuka kwamba sayansi ya urithi wa mimea ilianzia katika bustani ya monasteri. Padre Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, katika nchi ambayo leo ni Cheki, alifanya majaribio ya njegere kati ya mwaka 1856 na 1863, akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Wengi wanazijua njegere zake, ila wachache wanajua kwamba katika andiko lilelile alieleza pia majaribio ya maharage, na kwamba alipochanganya maharage ya jamii mbili tofauti alipata mimea iliyozaa mbegu chache sana. Ugumu huohuo ndio wanaopambana nao leo wanaochanganya maharage na tepari. Mendel alifariki mwaka 1884 akiwa abati wa monasteri yake, kabla dunia haijatambua uzito wa alichokigundua.

Wengine huhofia kwamba kila mbegu iitwayo bora imetengenezwa kwa uhandisi wa vinasaba. Hapa tutofautishe mambo. Aina bora za maharage zinazotolewa na vituo vyetu zimepatikana kwa uchavushaji na uchaguzi nilioueleza. Maharage yaliyobadilishwa kwa uhandisi wa vinasaba yapo Brazil, yaliyoidhinishwa mwaka 2011 ili kukinza ugonjwa wa virusi. Kwa upande wetu, Januari 2021 Serikali ilisitisha majaribio ya mazao ya namna hiyo. Hayati Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, hakulifunga jambo hili kwa neno moja. Alitaka kila hali ipimwe kwa uangalifu, akionya hasa juu ya ardhi na mbegu kuangukia mikononi mwa wachache. Onyo hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa tatizo kubwa la mbegu ya maharage liko katika umiliki na ufikaji wake kwa mkulima.

Nani atalipia mbegu ya maskini

Kwa kuwa maharage hujichavusha, mkulima anaweza kuvuna, kutenga debe moja, na kupanda tena msimu ujao bila sifa za mbegu kubadilika. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa kampuni ya mbegu ni hasara, maana mteja hatarudi dukani kila mwaka kama anavyorudi kwa mahindi chotara. Ndiyo sababu kampuni nyingi huwekeza katika mahindi na mbogamboga, na maharage huachwa. Soko likiachiwa peke yake, halitaileta mbegu hii kijijini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi tano za Afrika pamoja na Haiti ulionesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka katika akiba yao wenyewe, kwa majirani na katika masoko ya karibu. Nusu nzima hutoka sokoni. Hivyo mama anayenunua kilo mbili za maharage gulioni ili apande ndiye picha halisi ya mfumo wa mbegu wa bara letu. Mbegu bora ikiishia katika duka la mjini, huyo haimhusu.

Kwa miaka mingi pengo hili limezibwa na fedha za umma na za wafadhili. Tangu mwaka 1996 muungano wa utafiti wa maharage wa Afrika, PABRA, umeunganisha taasisi za nchi zaidi ya 30, ukisaidiwa na nchi kama Kanada na Uswisi. Matunda yake yanaonekana. Nchini Rwanda wanawake vijana waliokula kwa siku 128 maharage yaliyoongezewa madini ya chuma kwa njia ya uzalishaji wa mbegu waliongeza kiwango cha chuma mwilini kuliko wenzao waliokula maharage ya kawaida. Kwa nchi zenye akina mama wengi wenye upungufu wa damu, matokeo hayo si madogo.

Lakini nguzo ya ufadhili imetikisika. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kulivunja shirika lake la misaada, USAID. Miongoni mwa kazi zilizokatishwa ni utafiti wa mazao ya jamii ya mikunde uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan pamoja na washirika wa Afrika. Kazi inayohitaji miaka kumi haiwezi kuning'inia juu ya uchaguzi wa nchi nyingine. Tunaweza kusikitika, na sababu ya kusikitika ipo. Hata hivyo somo ni la kwetu. Nchi yetu iliongeza bajeti ya kilimo zaidi ya mara mbili katika mwaka wa fedha 2022/23, na hatua hiyo ilistahili pongezi. Sasa raia, wakiwemo waamini, wana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya fedha hizo inafika katika utafiti wa mazao ya chakula cha maskini, na katika mashamba ya kuzalisha mbegu mama.

Kuna upande mwingine wa haki. Mwaka 1999 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alipewa hataza juu ya maharage ya njano ambayo mbegu zake alizinunua Mexico, akaanza kudai malipo kwa waliokuwa wakiingiza maharage ya njano nchini humo. Wakulima wa Mexico, ambao mababu zao walikuwa wakiyala, walijikuta wanazuiwa soko. CIAT ilipinga hataza hiyo, na ilichukua hadi mwaka 2009 kwa mahakama kuthibitisha kwamba haikuwa halali. Sisi tunaopenda maharage ya njano tusilione tukio hilo kuwa la mbali. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo uliwekwa ili mazao kama maharage yabaki wazi kwa utafiti wa wote na haki za wakulima zitambuliwe. Tanzania ni mwanachama wake, na uanachama huo unapaswa kuonekana vijijini.

Mbegu ya zamani isidharauliwe

Kuipokea mbegu mpya hakumaanishi kuitupa ya zamani. Wanyanda za Juu Kusini wanaijua Kablanketi, kwa ladha yake na mchuzi wake mzito, na bei yake sokoni inasema yenyewe. Aina mpya inayozaa mara mbili lakini inachelewa kuiva jikoni itakataliwa, na wanaoikataa wana sababu. Muda wa kuchemka ni kuni, ni mkaa, ni saa za mama na binti. Watafiti wengi sasa huwaalika akina mama waonje, wapike na wachague kabla aina haijaidhinishwa, na huo ndio utaratibu wa kuungwa mkono.

Zaidi ya hayo, aina asilia ndizo ghala la sifa za kesho. Benki ya vinasaba ya Palmira inatunza zaidi ya sampuli 37,000 za maharage, na bila mkusanyiko wa namna hiyo tepari isingejulikana kuwa mkombozi. Kijiji kinachopanda aina moja tu, hata ikiwa bora namna gani, kinaweka uhai wake wote mahali pamoja. Ugonjwa mpya ukiipata aina hiyo, kijiji kizima kitalala na njaa.

Vilevile tusidanganyike kwamba mbegu pekee ni wokovu. Udongo uliochoka, mteremko usio na matuta, na mkulima asiyepata utabiri wa hali ya hewa kwa wakati, vyote huipunguzia mbegu nguvu. Wala haki ya tabianchi haimalizikii shambani mwa maskini. Papa Fransisko, katika waraka Laudate Deum wa Oktoba 2023, alikumbusha kwamba bara letu limechangia sehemu ndogo sana ya gesi zinazoipasha dunia joto. Kumwambia mama wa Mbulu abadilishe mbegu, bila kuwaambia wenye viwanda wabadilishe mwenendo, ni kumtwika asiye na kosa mzigo wa mwingine.

Parokia inaweza kufanya nini

Kanisa si taasisi ya utafiti, lakini lina vitu vitatu ambavyo taasisi nyingi hazina: ardhi, mtandao na imani ya watu. Parokia nyingi zina ekari ambazo hulimwa kwa mazoea. Sehemu yake ndogo ingeweza kuwa shamba la mfano, lenye aina tatu au nne mpya kando ya aina asilia ya kijiji, chini ya ushauri wa ofisa ugani. Mavuno yakipimwa na kupikwa mbele ya wote, waamini watachagua kwa macho na kwa ulimi wao.

Pili, sheria zetu zinaruhusu wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi unaosimamiwa na Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, na kuwauzia wakulima wa eneo lao. Kwa zao ambalo kampuni zinalikwepa, njia hii ndiyo fupi zaidi kumfikia mama wa gulioni. Vikundi vya WAWATA, UWAKA na VIWAWA, ambavyo tayari vina uongozi, daftari la michango na uzoefu wa kuaminiana, vinaweza kuifanya kazi hii kwa pamoja na Caritas ya jimbo. Ziada kidogo ingeuzwa katika pakiti za kilo moja au nusu kilo, kadiri ya mfuko wa mnunuzi.

Tatu, katika Jumuiya Ndogondogo tunaweza kufundishana mambo mepesi: kutenga mbegu kutoka katika mimea yenye afya badala ya mabaki ya chungu, kuikausha vizuri, kuihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa, na kuibadilisha baada ya misimu mitatu au minne, kwa kuwa magonjwa kama batobato na chule husafiri ndani ya punje yenyewe.

Yosefu, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 41, alipewa na Mungu ufahamu wa miaka ya shibe na miaka ya njaa. Hakukaa akingoja. Alijenga maghala, akapanga hesabu, na Misri ikala, na hata ndugu zake waliomuuza wakala. Sisi tumeambiwa mapema kuhusu miaka inayokuja, kupitia kazi ya watafiti na kupitia yale tunayoyaona mashambani mwetu. Mvua zitakapokaribia na vikapu vya mbegu vikapangwa mbele ya altare, tuombe baraka kwa imani yote. Kisha, tukiwa bado uani kwa kanisa, tuulizane: mbegu hii ni ya aina gani, imetoka wapi, na jirani yangu asiye na kitu amepata ya kupanda?